Nasaha kwa Wafugaji wa Tilapia wa Kisangani juu ya Homoni ya Kugeuza Jinsi ya Samaki

Katika mambo yote yanayomvunja moyo mwenye bwawa la tilapia katika viunga vya Kisangani, liwe bwawa lake liko njia ya Buta, njia ya Ituri, au ng'ambo ya mto huko Lubunga, hakuna linaloshinda lile la kulikausha bwawa baada ya miezi sita au saba ya kulisha, akitumaini kupata samaki wa kupikia wageni, kisha akakuta matopeni mamia kwa mamia ya visamaki vya urefu wa kidole, ambavyo wanunuzi sokoni ama huvikataa ama huvitaka kwa mafungu ya bei ya dagaa. Wengine husema bwawa limerogwa, wengine husema mbegu ilikuwa mbaya, na wengi hawasemi neno, bali huliacha likaota majani. Lakini sababu yake yajulikana tangu zamani, nayo ni kwamba tilapia huzaa mapema mno, tena huzaa kupita kiasi. Na maadamu siku hizi kuna homoni inayosifiwa kuwa huiondoa balaa hiyo kwa kuwafanya vifaranga karibu wote kuwa madume, nimeona ni wajibu kuieleza kwa urefu, manufaa yake na madhara yake, ili mtu asiikimbilie kwa tamaa wala asiikimbie kwa hofu.

Kwanza yatupasa kuifahamu tabia ya samaki mwenyewe. Tilapia wa Nile, ambaye ndiye afugwaye zaidi duniani katika jamii yake, huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na katika bwawa lenye chakula haba jike huweza kutaga hata kabla hajafikia gramu 50. Mwenye subira ya kuketi ukingoni asubuhi, maji yakiwa yametulia, huona dume amefukua shimo la mviringo mahali penye maji mafupi, akilizunguka na kuwafukuza wenziwe. Jike akija hutaga mayai humo, na mara hiyo hiyo huyaokota yote kwa kinywa chake, akayahifadhi humo hata yaanguliwe. Tangu hapo taya lake la chini huonekana limetuna, naye hali kitu, au hula kidogo sana, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Na hata vifaranga wakishaanza kuogelea nje, kivuli cha ndege kikipita juu ya maji wote humrudia mama kinywani. Baada ya hayo hupumzika majuma machache, kisha huanza tena. Basi chakula ambacho wewe mfugaji umekitupa bwawani ukitaraji kiwe nyama, kwake huwa mayai, na muda ambao angekuwa akila huupitisha akifunga. Ilhali dume, asiyebeba mayai wala kulea, huendelea kukua, na ndiyo maana katika kundi la umri mmoja aghalabu huwapita majike kwa uzito mkubwa sana.

Balaa hii si ngeni katika nchi yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kibelgiji ilihimiza ufugaji wa samaki kwa nguvu nyingi. Mwaka 1949 ulifanyika mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mkutano wa wataalamu wa Kibelgiji na wa Kiingereza juu ya uvuvi na mabwawa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa yaliyochimbwa Kongo yalikuwa yamepindukia 100,000. Huko Yangambi, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka hapa tukiteremka mto, wataalamu waliyachunguza maji na samaki wa eneo hili, na Jean-Pierre Gosse alichapisha mwaka 1963 kitabu chake juu ya samaki wa Yangambi na mazingira yao. Lakini mabwawa mengi ya wanavijiji yalikwisha kuachwa, na ijapokuwa machafuko ya miaka ya uhuru yalikuwa na sehemu yake, sababu nyingine kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya samaki kuzaana wakadumaa, hata mtu aliyeshurutishwa kuchimba alipopata hiari ya kuacha, aliacha.

Wataalamu basi wakatafuta hila ya kupata madume matupu, na hapa pana habari ambayo yawahusu Waswahili wa pwani. Mwingereza Charles Hickling, alipokuwa akifanya utafiti Malacca katika nchi ya Malaya, aliwachukua madume wa tilapia waliotoka Unguja, ambao asili yao ni mito ya bara la Tanganyika, akawachanganya na majike wa tilapia wa kule, na mwaka 1960 akatangaza kuwa watoto waliozaliwa walikuwa madume watupu. Ulimwengu ulishangilia, lakini njia hiyo yataka mbegu mbili zitunzwe mbalimbali bila kuingiliana hata kidogo, na samaki mmoja tu akivuka kutoka bwawa hili hadi lile, kazi ya miaka huharibika. Kabla ya hapo, mwaka 1953, Mjapani Toki-o Yamamoto alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa samaki mdogo wa mashamba ya mpunga aweza kugeuzwa jinsi yake akilishwa homoni tangu utotoni. Na katika miaka ya 1970 Mfilipino Rafael Guerrero, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, Marekani, waliitengeneza njia hiyo ikawafaa tilapia na mabwawa ya watu wa kawaida. Ndiyo iliyoenea sasa Asia, Amerika na Afrika.

Siri yake ni hii. Kifaranga wa tilapia huzaliwa na asili yake ya kurithi, ama ya kiume ama ya kike, lakini viungo vyake vya uzazi katika majuma ya kwanza havijaamua bado vitakuwa korodani au vifuko vya mayai. Akilishwa katika muda huo homoni ya kiume, ile iitwayo methili-testosteroni, viungo vyote hufuata njia ya udume, na vikishaifuata havirudi nyuma, hata homoni ikikatizwa. Kipimo kilichokubalika ni miligramu 60 kwa kila kilo moja ya chakula, wala si zaidi, kwa sababu kuzidisha sana hakuongezi madume, na pengine huleta matokeo ya kinyume. Unga huo wa homoni hauyeyuki katika maji. Huyeyushwa katika spiriti, ukamiminwa juu ya chakula kilichosagwa laini na kuchekechwa, ukachanganywa hata kila punje ipate sehemu yake, kisha kikaanikwa kivulini, kwa kuwa jua huiua homoni. Vifaranga hulishwa chakula hicho mara nne au zaidi kwa siku, siku 21 hadi 28 mfululizo, wakiwa ndani ya vizimba vya chandarua vilivyotundikwa bwawani, wala wasipate chakula kingine cha kuwashibisha.

Sharti lililo gumu kuliko yote ni umri. Kifaranga apaswa kuanza dawa mara tu anapotoka kinywani mwa mama, akiwa hajapita milimita 13 au 14. Aliyepita hapo, viungo vyake vimekwisha kuamua, na homoni utakayompa ni mali iliyotupwa majini. Kwa hiyo wanaoijua kazi huwakusanya vifaranga kila baada ya siku chache na kuwapitisha katika chekecheke ya matundu madogo, wanaopenya wakaingizwa kizimbani na wanaobaki juu wakatengwa. Mwenye kuvua vifaranga wa kila ukubwa kutoka bwawani, akawatia wote dawa pamoja, atapata kundi lenye theluthi ya majike naye huku anaapa kuwa amefuata kitabu.

Sasa nitasema rai yangu bila kuificha: simshauri mwenye bwawa moja au mabwawa mawili aifanye kazi hii nyumbani kwake. Miligramu 60 ni kiasi ambacho mizani ya sokoni haikioni. Gramu moja ya unga huo yatosha kilo 16 za chakula, na mtu asiye na mizani ya maabara atabahatisha tu. Chakula kilichokwisha kuchanganywa chahitaji baridi na giza, na sote twajua jinsi umeme wa mtambo wa Tshopo unavyokuja na kuondoka. Tena homoni yenyewe haipatikani hapa ila kwa kuagizwa mbali, na anayekuuzia unga mweupe ndani ya karatasi, bila lebo wala tarehe, au vidonge vya hospitali vilivyopondwa, huna njia ya kumjua kama ni mkweli. Kazi hii ni ya kituo cha vifaranga chenye watu waliofundishwa, daftari, na dhamana mbele ya wanunuzi. Na mji wenye chuo kikuu tangu mwaka 1963, na taasisi ya kilimo huko Yangambi, haukosi vijana wa kuisimamia. Wewe mwenye bwawa, nunua vifaranga waliokwisha kugeuzwa, au ufuate njia ya mkono nitakayoieleza mbele.

Na ukiwanunua, lishike jambo moja kuliko yote: usiwafanye kamwe kuwa wazazi. Nimewaona watu wenye akili timamu wakivua madume wao walio wakubwa kabisa, waliotokana na vifaranga wa kituo, wakawatenga na kusema hawa ndio mbegu bora, na mwaka uliofuata mabwawa yao yakajaa majike hata wasijue yametoka wapi. Hesabu yake ni nyepesi. Katika vifaranga 100 waliolishwa homoni, 50 hivi walikuwa majike kwa asili. Umbo lao limegeuka, lakini asili waliyoirithi haikugeuka, nao watairithisha. Dume wa namna hiyo akimpanda jike wa kawaida, baba hana asili ya kiume ya kutoa, wala mama hana. Basi watoto wao huwa karibu wote majike. Kwa macho huwezi kumtambua dume huyo na dume halisi, kwani wote wawili wana rangi, nguvu na korodani zinazofanya kazi. Wazazi watoke katika kundi ambalo halijaonja homoni, walindwe katika bwawa lao peke yake, na kituo kisichoweza kukuonyesha bwawa hilo usinunue kwacho.

Watu wengi huuliza kama kula samaki huyu kutawadhuru, na nimesikia ikinong'onwa kuwa humwondolea mwanamume uzazi. Swali hili lastahili jibu la hesabu. Kifaranga, katika mwezi mzima wa dawa, hali zaidi ya gramu moja hivi ya chakula hicho chenye dawa, maana yake hapati hata sehemu moja ya kumi ya miligramu ya homoni, ilhali vidonge vya dawa hiyo hiyo ambavyo matabibu huwapa wanaume wenye upungufu wa homoni ya kiume huwa na miligramu 10 au zaidi kila kimoja. Na hicho kidogo alichopata, mwili wake hukitoa katika majuma machache. Nawe hutamla akiwa na nusu gramu, bali baada ya miezi mitano au sita, amefikia gramu 200 au zaidi. Hata Umoja wa Ulaya, ambao kwa sheria yake ya mwaka 1996 umekataza ng'ombe wasinenepeshwe kwa homoni, uliacha ruhusa kwa samaki wachanga watibiwe kwa ajili ya kugeuzwa jinsi, kwa masharti ya uganga wa mifugo na katika miezi 3 ya kwanza tu. Mlaji basi na ale kwa amani.

Hatari ipo, lakini iko upande mwingine, nao hauongelewi. Iko kwa kijana anayechanganya unga huo kwa mikono mitupu, akiuvuta puani na kuuingiza mwilini kwa ngozi, siku baada ya siku. Na zaidi ya wote iko kwa mwanamke mwenye mimba, ambaye mtoto wake tumboni aweza kupatwa na athari. Mwanamke mjamzito au anyonyeshaye asiiguse kazi hii hata kidogo, na wengine wasiiguse bila mipira ya mikono na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Tena, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi, kazi hii isifanywe jikoni wala karibu na taa ya kibatari. Hatari iko pia katika maji: sehemu ya homoni hubaki katika mabaki ya chakula na mavi ya samaki, huzama topeni na kukaa huko. Maji ya bwawa la vizimba yasifunguliwe moja kwa moja kwenda kijito ambacho watu wa chini wanachota. Yapitishwe kwanza katika bwawa la pili lenye magugu, yakae majuma kadhaa juani. Na tukumbuke kuwa tilapia wa Nile si mwenyeji wa maji haya ya Kisangani; mito ya Tshopo na Lindi, na mto mkuu wenyewe unaoteremka maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenya wameweka mitego yao tangu enzi za mababu, ina samaki wake, na kila bwawa lisilo na ukingo imara na wavu kwenye bomba ni mlango wa kumtoa mgeni huyo.

Kwa asiyepata vifaranga wa kuaminika, njia ya mkono bado ni njema, nami naipendelea kwa bwawa dogo. Walee vifaranga wa kawaida katika kidimbwi mpaka wafikie gramu 30 hivi, kisha uwashike mmoja mmoja, tumbo juu, kichwa kiganjani, upanguse kwa kidole karibu na mkia mahali penye kichuguu kidogo cha nyama. Dume ana matundu mawili: la haja kubwa, na la pili nchani mwa kichuguu, ambalo mkojo na mbegu hupitia pamoja. Jike ana matatu, kwa kuwa kati ya tundu la haja na lile la mkojo kuna ufa mwembamba uliolala kwa upana, ambao mayai hutokea. Na tone la wino au la dawa ya buluu ya vidonda likipakwa hapo, ufa huo huonekana dhahiri. Mwanzoni utakosea, na hata aliyezoea hukosa wachache katika kila mia. Mtilie shaka kila usiyemjua, umhesabu kuwa jike. Kazi hii hufanywa vizuri na watu wawili, asubuhi na mapema, maji yakiwa hayajapata joto, na samaki wakikaa nje ya maji kwa muda mfupi tu.

Hao wachache waliokosewa, na hao majike wachache ambao hata homoni haikuwageuza, watazaa; na hapo msitu wetu wenyewe una msaada. Samaki aitwaye mongusu hula vifaranga kwa ulafi, na ngolo, yaani kambare, naye si haba. Watie bwawani mwezi mmoja au miwili baada ya tilapia, wakiwa wadogo kuliko tilapia wenyewe, mmoja kwa kila tilapia 10 au 20, nao watakuwa askari wa bure, kisha mwisho wa msimu ni nyama ambayo sokoni hapa haikosi mnunuzi. Ukiwatia mapema, watakula mali yako yote. Habari za mbegu za papai na korodani za fahali zilizokaushwa nimezisikia kama wewe ulivyozisikia. Zimejaribiwa na wataalamu, lakini matokeo yake hubadilika mno, na mtu mwenye bwawa moja hana sababu ya kuweka riziki yake rehani.

Hata hivyo kuna wanaonunua madume watupu na kuvuna samaki wadogo vilevile, kwa sababu homoni imegeuza jinsi, haikujaza tumbo. Maji ya vijito vyetu vya msituni mara nyingi ni meusi, machachu, na maskini. Ndani yake ule ukijani unaomlisha tilapia hauoti. Bwawa likiwa kavu, nyunyiza chokaa sakafuni, kilo 10 hadi 25 kwa kila ari, yaani mita 100 za mraba, kadiri ya ukali wa udongo. Kisha uweke katika pembe, ndani ya uzio wa miti, mbolea ya kuku, ya mbuzi au ya nguruwe pamoja na majani mabichi, na uitikise kila siku. Tumbukiza mkono wako majini hadi kiwiko: vidole vikipotea kabla kiwiko hakijalowa, maji yamekomaa, ukiona vidole vyote waziwazi, samaki wako wana njaa. Vifaranga wawili kwa kila mita moja ya mraba watosha, yaani 400 kwa bwawa la ari 2, na chakula cha kuongeza ni pumba za mchele, mashudu ya kokwa za michikichi, machicha ya bia, na mchwa wakati wanaporuka; vitu ambavyo mkoa wa Tshopo haukosi.

Limebaki suala la kumjua muuzaji, kwani kifaranga wa gramu moja hana alama yoyote, na neno la kinywa ndilo utakalonunua. Wafugaji wa mtaa mmoja na waungane waagize pamoja, wapate sauti. Waulize vifaranga walianza dawa wakiwa na urefu gani, walipewa siku ngapi, homoni ilinunuliwa lini, na wazazi wako bwawa lipi. Na wapatane kwa maandishi kwamba sehemu ya bei italipwa baada ya uchunguzi. Samaki wakifikia gramu 30, vua 50 kwa wavu bila kuchagua, uwatazame kama nilivyoeleza. Wakiwa majike ni wawili au watatu, kituo kimetimiza ahadi, nao mongusu watamaliza kazi. Wakiwa ni 10, dawa ilitolewa kwa waliokwisha kupita umri, nawe unayo haki ya kutoilipa bakaa ya bei. Hapo usisubiri mwisho wa msimu: vuta wavu bwawa zima siku hiyohiyo, watenge majike wote, uwauze au uwapike nyumbani, na nafasi yao uiachie madume, usiijaze kwa vifaranga wapya wa mahali pengine.